Inchi Kamili

Jumamosi asubuhi fundi aliweka kikombe cha chai cha muuzaji juu ya msumeno wa meza, akawasha. Ndivyo marehemu baba yake alivyomfundisha kununua mashine iliyokwisha kutumika: usisikilize maneno ya muuzaji, tazama chai yake. Mota ilinguruma, mkanda ukashika, sahani ya meno ikazunguka mpaka meno yakapotea machoni. Chai haikutikisika. Alihesabu mpaka sitini, akazima, akamrudishia mzee kikombe chake.

"Beringi nzima," alisema.

"Mwaka jana nimezibadilisha, fundi." Mzee alikuwa anaacha kazi kwa sababu ya macho, siku hizi akichora mstari mmoja aliona miwili, na alikuwa ameshakata ule usio wake mara nyingi. "Ila una kasoro moja na sitaki kukuficha. Hauli."

Kila msumeno hula. Ukikata katikati ubao wa futi sita hupati futi tatu mara mbili. Unapungukiwa na upana wa meno, na fundi asiyeacha nafasi ya mlo huo huishia na mlango mfupi kuliko fremu yake. Mzee alichukua ubao, akaukata, akampa fundi futi apime mwenyewe. Kila kipande kilikuwa na futi tatu na unene wa ukucha juu yake. Sakafuni hapakuwa na chembe ya unga wa mbao.

"Kwa hiyo unarudisha," alisema fundi.

"Unarudisha. Lakini hauumbi kitu, lazima uulishe. Unga wa mbao, maranda, chochote kilichowahi kutoka kwenye ubao. Unamwaga humu." Alifungua kijimlango kwenye sanduku la chini.

"Mkavu au mbichi?"

"Mkavu. Mbichi unaukohoza." Alimaliza chai yake. "Na utaona mwandiko wa watu, ile penseli iliyoondoka na randa. Usiusome sana. Kila mtu ana yake."

Kwa ajili ya kasoro hiyo alimpunguzia bei, akampa na mkanda wa akiba.

Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, chenye dirisha moja na mlango ambao baba aliutengeneza kwa kipimo cha mabega yake mwenyewe. Msumeno ulifika kwa mkokoteni ukakataa kupita. Fundi viti wa jirani, aliyekuwa rafiki wa baba tangu ujana wao, aliusukuma kwa tumbo bila mafanikio.

"Shemeji," alimwambia mama yake fundi, "hii mashine imekula nini?"

"Chochote ilichokula, imekushinda. Ng'oeni fremu. Marehemu alikuwa mwembamba, akadhani na dunia itakuwa nyembamba."

Waling'oa fremu, wakauingiza, wakairudisha. Alasiri yote fundi alikuwa magotini. Aliweka pima maji juu ya meza ya chuma, akachomeka vipande vya mbao chini ya mguu wa nyuma mpaka kile kitone cha hewa kikatulia katikati. Alitia chaki jino moja, akalipima kutoka kwenye mfereji wa meza likiwa mbele, akalizungusha akalipima likiwa nyuma, akalegeza boliti, akagonga kidogo kwa nyundo ya mpira, akapima tena. Ilipofika saa kumi na moja jino lilikuwa sawa mbele na nyuma, na fundi viti alikuwa amelala kwenye kiti alichokuja kukirekebisha.

Jumatatu walianza na unga wa fundi viti, gunia moja. Mbao nyembamba ziliingia upande mmoja, zikatoka upande wa pili nene, na juu yake vipimo vya viti vya miaka mingi. Ubao wa nne ulitoka na maneno: *Nitapita saa kumi. Vaa lile jekundu.*

Mama alivaa miwani. "Lile jekundu lipi, shemeji? Mke wako hana nguo nyekundu."

"Upige randa huo ubao, mwanangu," fundi viti alimwambia fundi, "kabla haujaota masikio."

Fundi aliupiga randa. Maranda aliyafunga kwenye mfuko wake peke yake, akamkabidhi mwenyewe, naye akaenda kuyachoma.

Mama hakucheka muda mrefu. Alibaki ameketi, akitazama kona iliyokuwa na magunia matatu yaliyofungwa kamba. Yalikuwa ya marehemu. Wafuga kuku walikuwa wameyaomba tangu wiki ya msiba, naye alikuwa akiwajibu kwamba kuku wa watu hawawezi kulalia jasho la mume wake.

"Mwandiko unarudi wote?" aliuliza.

"Wote, mama. Lakini unga ukiisha, umekwisha."

"Nimeshampoteza mara moja. Sitaki kumpoteza tena kwa kisado."

Fundi hakumsukuma. Alijua mama anafikiria nini, maana naye alifikiria hilo hilo. Miaka mitatu nyuma baba alitengeneza madawati arobaini ya shule. Siku ya wazazi yalivunjika kumi na moja, na mtoto mmoja akavunjika mkono. Mkuu wa manunuzi alisema mchoro ulitaka mbao za inchi moja, baba akaiba nusu. Baba alisema bwana huyo huyo alikuja karakanani akamwamuru akate nusu. Mwenye karatasi alikuwa yule bwana peke yake. Tangu hapo mtaa ulimwita Nusu Inchi. Hakuna ofisi iliyompa kazi tena, na siku ya maziko yake wageni waliuliza njia kwa jina hilo.

Jumanne asubuhi mama alikuja na kisu cha jikoni, akakata kamba ya gunia la kwanza mwenyewe.

"Haya," alisema. "Tumsikilize."

Ukutani zilikuwa zimebaki mbao za nusu inchi za yale madawati, ambazo hakuna mtu aliyezitaka. Fundi alizipitisha hizo. Wa kwanza ulitoka na ile tarakimu saba ya baba, iliyopinda mgongo kama mtu anayeokota kitu. Wa pili ulikuwa na mchoro wa pua.

"Pua yangu hiyo," alisema mama. "Alikuwa anafanya kazi au anacheza?"

Wa tatu uliandikwa: *Binti kakata mguu wa kwanza leo. Mfupi. Sijamwambia.* Fundi aliikumbuka ile meza. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa muda wote huo aliamini kwamba sakafu ndiyo iliyokuwa na kasoro. Alicheka mpaka akazima mashine. Mama aliagiza chai. Fundi viti alikuja na kiti chake. Kila ubao uliotoka ulisomwa kwa sauti, ukapita mkono kwa mkono, na mchana majirani walikuwa wamejaa dirishani wakisema, "Rudia huo wa mbuzi." Siku tatu karakana ilikuwa na kelele kuliko nyumba ya harusi. Ubao mmoja ulikuwa na maneno matano tu: *Mvua inakuja. Mama, funga dirisha.* Mama aliuweka kando, akasema huo hauendi popote.

Alhamisi, chini kabisa ya gunia la tatu, ulitoka ubao wenye mistari mingi. *Bwana Manunuzi kaja leo. Anataka nusu inchi, mchoro anasema atarekebisha yeye. Nimemwambia zitavunjika. Kasema kata. Nimemwambia aandike hapa.* Chini yake, kwa kalamu ya wino wa bluu: *Nusu inchi. Endelea.* Na sahihi, na tarehe.

Fundi viti aligonga paja lake.

"Alikuwa nayo! Alikuwa nayo, akaipiga randa!"

"Angefanyaje?" alisema mama. "Fundi mzuri hatoi ubao wenye kalamu. Alimfundisha hata huyu."

Ijumaa mama na binti walivaa nguo nzuri, wakaubeba ubao mpaka ofisini, mmoja mbele, mwingine nyuma. Mkuu wa manunuzi alikuwa amepandishwa cheo, na ofisi yake ilikuwa na zulia. Aliusoma mara mbili.

"Huu ni mwandiko wangu," alisema. "Sahihi pia ni yangu. Siwezi kukataa."

"Basi andika barua," alisema mama.

Alifungua droo, akatoa rula, akapima unene wa ubao pande zote mbili. Alikuwa mtu makini.

"Mama yangu, ubao huu una inchi kamili. Faili linahusu mbao za nusu inchi. Huu hauwezi kuwa miongoni mwa zile."

"Ulikuwa nusu. Msumeno ndio umeurudisha."

"Nakuamini. Hata ofisini tunao uvumi wa msumeno huo. Ila faili halina sehemu ya kurudisha." Aliwasindikiza mpaka mlangoni, akawashikia mlango ubao upite.

Barabarani mama alisema, "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wa kwao umepata kutu nyuma."

"Mama, shika vizuri, unaniachia uzito wote."

"Uzito wa baba yako huo. Beba."

Walianza kucheka kabla ya kufika kwenye kona, na ubao ukawa unaruka ruka mabegani mwao mpaka nyumbani.

Kwa mbao zote za marehemu fundi alitengeneza benchi moja refu, akaliweka nje ya karakana. Hakulipiga randa. Ubao wa wino wa bluu ndio kiti chenyewe. Ule wa dirisha ameuweka kwenye egemeo, mwisho wa kulia, mahali pa mama. Siku ya kulijaribu walipanda watu tisa pamoja na fundi viti, wakaruka. Halikulia hata kidogo.

Madawati mapya ya shule yameletwa mwezi uliopita kutoka kwa fundi mwingine. Binti aliyapitia na futi yake siku ya wazazi. Ni nusu inchi. Alimwambia mwalimu mkuu, akaambiwa mchoro unasema moja.

Wateja bado wanauliza njia ya kwa Binti Nusu Inchi, na wakifika wanaonyeshwa pa kusubiri. Wanaketi, wanasoma walichokalia, wanapima kwa kidole, kisha wanaagiza mlango au kitanda. Jioni mama huja kuketi mwisho wa kulia. Husoma egemeo polepole, kama barua iliyofika leo, hutazama juu, kisha huinuka na kwenda kufunga dirisha.