Mafundo ya Viliame

"Umeukata wewe!" Losana alipayuka juu ya ua, mche wa nyanya uliovunjika ukining'inia mkononi. "Wa tatu huu! Kama unanichukia, nipige mimi, nyanya za Viliame ziache!"

Kwa jirani, wanawake waliokuwa wakimenya mihogo waliinua vichwa. Vasemaca, dada wa marehemu Viliame, akatua ndoo.

"Wifi, una wazimu? Lete hapa."

Viliame aliipanda miche ile na kuifunga kwenye vijiti kwa mkono wake, juma lile lile bahari ilipomchukua. Jumamosi ilikuwa usiku wa mia, matanga yanapoondolewa, na Losana alikwishaapa mbele ya ukoo kwamba wageni watakula nyanya za mumewe. Zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuiva.

Vasemaca alipasua shina kwa kisu. Ndani lilikuwa jeupe, zima. "Mnyauko ungeacha ukahawia hapa. Na kisu kingekata mara moja. Hili limekerezwa polepole, mviringo."

Alivuka ua, akainamia mche uliofuata na kusogeza majani. Nailoni ya kuvulia ilikuwa imezama ndani ya shina, na kila upepo ulipovuma ilizidi kula.

"Kaka yangu huyu!" Vasemaca alisema. "Sisi sote tunafunga kwa kamba ya gome la mti wa vau, tena kwa kulegeza, shina lipate kunenepa. Yeye kafunga kama anafunga samaki."

Alipoinua kisu, Losana alimdaka mkono.

"Usikate! Ndiyo kazi yake ya mwisho."

"Basi zitakufa zote kabla ya Jumamosi."

Upepo ulivuma. Mche mmoja ulilia kwenye kijiti chake. Losana alimchukia wifi yake kwa kusema kweli, akamchukia na Viliame kwa kukaza vile, kisha akaona haya.

"Kata upande wa shina," Vasemaca alisema taratibu. "Fundo liko kwenye kijiti. Libaki."

Losana alikata mwenyewe. Vasemaca alimfuata nyuma akifunga vau, akiacha nafasi ya kidole.

"Na yale niliyokutukana?"

"Utayameza na chai. Ita na wale wa mihogo wasikie."

Miche ilisimama. Juu ya kila kijiti fundo la Viliame lilibaki limekaza, halikushika kitu, na ncha zake mbili zilitikisika kwenye upepo.