Bahari Kwenye Ghala la Pamba

Waliponiambia bahari haiwezi kukaa Bariadi, niliwauliza: kwani pamba ilizaliwa hapa? Nayo ililetwa. Tukaambiwa tuipende, tukaipenda, na misimu mingapi imetupiga mweleka? Basi na mimi nimeleta kitu changu.

Chumba chenyewe ni cha pembeni, kwenye ghala la chama chetu cha wakulima. Miaka yote kilikuwa cha popo na magunia matupu. Nilipokiomba, mwenyekiti wetu, Danford, alisimama mbele ya mkutano akatoa sharti.

"Ngassa aweke bahari yake," alisema. "Siku ya kuifungua, wanachama tuje tuone. Viumbe wakiwa hai, chumba ni chake, watoto wa shule waje wajifunze. Wakifa, tunaweka dawa ya pamba. Dawa haifi."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Danford huyu ndiye aliyetugawia, msimu mmoja, dawa nyepesi kama maji ya kunawa. Tulipuliza, funza wakanenepa. Wengine wamesahau kwa sababu msimu uliofuata walipewa kofia. Mimi kofia yangu niliirudisha.

Kazi ya bahari nilijifunza mwenyewe, kwenye simu, usingizi ukinidai. Fundi wa madirisha alinikatia vioo, nikavigundisha kwa silikoni mpaka vikashika maji bila kutoa hata jasho. Mawe yalitoka pwani, ya tumbawe la kale linalochimbwa nchi kavu. Sikutaka jiwe lililong'olewa baharini. Anayevunja mwamba wenye uhai ili apambe sebule yake hana tofauti na mwizi wa mizani. Maji nilikinga ya mvua, nikiacha kwanza bati lioshwe vumbi, kisha nikayachuja. Chumvi nayo si ya mezani wala ya kulambisha ng'ombe. Ni chumvi maalumu, yenye kila kilichomo baharini. Nikaikoroga, nikapima, nikawasha pampu ya kuzungusha maji.

Halafu nikangoja. Hapo ndipo walipodhani wamenipata.

"Samaki wako wapi?" Danford aliuliza kila alipopita.

"Bado."

"Kwa hiyo muda wote huu unafuga maji?"

"Nafuga vijidudu visivyoonekana. Vikishakuwa vingi ndivyo vitakavyomaliza uchafu wa samaki. Wewe unaingiza ng'ombe zizi likiwa bado matawi mtini?"

"Zizi langu lina ng'ombe, bwana. Wewe una bakuli."

Joto lilipopunguza maji, niliongeza ya mvua matupu. Sayi, mjumbe wa kamati, alinikuta nikifanya hivyo akapiga kelele kwamba naizimua bahari. Nikamwambia aende nyumbani akachemshe mchuzi mpaka ukaribie kukauka, auonje, aone kama chumvi imepanda na mvuke. Hakurudi kuniambia majibu.

Vipimo viliponiridhisha, mke wangu Eufrasia akaenda Dar es Salaam. Alirudi na boksi la barafu lisilo na barafu, amelipakata kwenye basi njia nzima. Ndani mlikuwa na mifuko ya maji iliyojazwa oksijeni: samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, kamba wadogo wenye mistari, konokono wa kusafisha vioo, na vipande vya tumbawe laini vilivyopandwa na wakulima wa baharini. Ndiyo, huko nako kuna wakulima. Sijui na wao wanadhulumiwa na nani.

"Konda alitaka kuliweka chini kwenye mizigo," Eufrasia alisema. "Nikamwambia humu mna mgonjwa."

Niliwazoesha maji yangu polepole, nikiyadondosha kwenye mifuko yao tone kwa tone, kisha nikawaachia. Tumbawe kubwa lilikunjua vidole vyake, na samaki wote wawili wakahamia humo kama waliojenga.

Siku ya kufungua iliangukia kipindi cha kupuliza pamba. Watu walikuja moja kwa moja kutoka mashambani. Eufrasia nilimweka mlangoni na ndoo na sabuni, kila anayeingia anawe, maana kamba hawa wakiguswa na dawa ya wadudu hawapati nafasi ya kuumwa. Wanakufa tu. Walinawa, wakiniita daktari.

Nikiwa nimesimama kando ya kioo, nikasikia nje, "Mwangaluka, mayu!" Watu walikuwa wakimwamkia Nyanjige, mama mzazi wa Eufrasia.

Asiyejua mila zetu aelewe hapa. Mkwe wa kike hashikwi mkono. Hatazamwi usoni, na neno lako kwake hupitia kwa mkeo. Kwa hiyo nilifanya anachofanya mwanaume mwenye adabu: nikasogea mpaka ukuta wa mbali, nikainamisha macho. Na Eufrasia naye, je, angemwamuru mama yake anawe mbele za watu kama mtoto? Aliinua kata, lakini mama alishapita.

Harufu ndiyo iliyoniamsha. Bomba la kupulizia alikuwa ameliacha mlangoni, ila mkono wa gauni lake ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko.

Nyanjige aliinama mbele ya kioo. Akamwona samaki mdogo amezama katikati ya vidole vya tumbawe, anajisugua.

"Yoo!" alisema. "Mbona huyu anamezwa na mnaangalia tu? Hamna huruma?"

Akapandisha mkono aingize majini amwokoe.

"Eufrasia!" nilipaza sauti. "Mwambie mama…"

Eufrasia alikuwa nyuma ya watu. Danford alikuwa karibu zaidi, na aliliona lile gauni, na pua anayo. Alikunja mikono kifuani akatabasamu.

Nikaruka. Nilijipenyeza kati ya mkwe wangu na kioo, nikamgeuzia mgongo ili nisimtazame, nikatandaza mikono yangu juu ya maji. Mkono wake ukatua begani kwangu.

"Umempa mkwe mgongo!" Danford alisema. "Tena umemgusa! Kwa ajili ya vitoweo!"

Niliongea nikitazama samaki. "Eufrasia, mwambie mama samaki hamezwi, hapo ndipo nyumbani kwake. Na mwambie mkononi ana dawa. Tone moja lingewaua wote, na mwenyekiti alikuwa anaona."

Eufrasia akafika, akarudia kila neno, na la mwisho akaliongezea sauti. Nyanjige aliunusa mkono wa gauni lake.

"Kuku wangu walikunywa maji niliyosuuzia bomba," alisema. "Walikufa wamepanga mstari kama watoto wa shule." Akamgeukia Danford. "Kumbe wewe uliona?"

"Mama, mimi nilidhani…"

"Ulidhani nini? Unataka kuweka hii sumu humu, watoto wanacheza hapo nje, halafu unasimama unacheka mkono wangu?"

"Hilo ni suala la kamati, mama."

"Kamati ilipanda pamba gani? Wanachama si sisi?" Akaugeukia umati. "Anayetaka chumba kibaki cha samaki, ainue mkono. Mimi wangu mchafu, nauinua hivihivi."

Mikono ikapanda. Sayi naye akainua, akitazama pembeni. Danford alihesabu kwa macho, akaona hakuna cha kuhesabu, akatoa ufunguo kwenye mnyororo wake na kuuweka kwenye kiganja cha Eufrasia.

Nilibaki na mgongo wangu pale pale. Adhabu ilikuwa haijatoka, na nilijua inakuja.

"Mwambie huyo mumeo," Nyanjige alisema, umbali wa pua na mdomo kutoka nilipo, "amenikosea adabu mbele za watu. Alete mbuzi."

"Mama anasema ulete mbuzi," Eufrasia akasema.

"Mwambie mama nimesikia. Ataletwa."

"Mwambie awe jike."

"Mwambie atakuwa jike, na mwenye mimba."

Nyanjige akacheka, akaenda mlangoni kunawa kwa sabuni hadi mabegani. Mimi nikarudi kwenye ukuta wangu wa mbali, nikampisha aje aangalie bahari.