Kamera Isiyo na Mgongo

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, na watu walimwita Mama Taa kwa sababu hakuingia ukumbini bila mataa yake makubwa yaliyowafanya mabibi harusi wakunje macho. Alijua pa kusimama. Alijua kumvizia baba wa bibi harusi akijifuta machozi, na kumkwepa mjomba aliyeng'ang'ania kuhutubia. Alikuwa amezoea kuiona dunia kupitia kidirisha kidogo, jicho moja limefumbwa, na chochote kilichokuwa nyuma yake hakikumhusu.

Ndipo jumba la maonyesho la mji likamwita. Walitaka video ya wanasarakasi wakiwa mazoezini, ila si ya kutazama kwenye skrini. Walitaka ile ambayo mtu anavaa miwani mikubwa usoni, akigeuza kichwa anaona kila upande, kama vile yupo pale mwenyewe. Mkurugenzi alimuuliza kama anaiweza kazi hiyo.

"Naiweza," alisema Mama Taa, mdomo ukiwa umeitangulia akili.

Akakabidhiwa miwani hiyo pamoja na kamera ndogo ya kuenea kiganjani, yenye lenzi mbili nene, moja huku na moja kule, kama macho ya kinyonga. Aliigeuza, akaigeuza tena, akitafuta pa kuchungulia. Hapakuwepo.

Wanasarakasi wenyewe hakuhitaji kuwatafuta. Kaka yake alikuwa mmoja wao. Kikundi kilimwita Nguzo, maana ndiye aliyesimama chini kabisa walipojenga mnara wa watu, na wengine wote wakapanda juu yake. Kocha alikuwa mke wa Nguzo, yaani wifi yake Mama Taa, mwanamke mwenye filimbi shingoni na ulimi mkali kuliko hiyo filimbi. Mazoezi yalifanyika kwenye ghala kuukuu la mbao, lenye paa la juu sana na harufu ya maranda isiyotaka kuhama.

Siku ya kwanza Mama Taa alifanya kama alivyozoea. Alipachika kamera kwenye stendi, akairefusha mpaka mwisho, akasimama nyuma yake mikono kiunoni. Wanasarakasi waliruka, wakapinduka, wakajenga mnara. Yeye akawa anaizunguka kamera, anainama kuangalia kama kile kitaa chekundu bado kinawaka, anarudi kusimama. Walipomaliza wakajitupa kwenye magodoro, wakaanza kupokezana miwani.

Aliyetangulia alikuwa Kijiko, mwanamke mfupi na mwepesi ambaye ndiye aliyesimama kileleni mwa mnara. Alivaa, akageuka kulia, akacheka. Akageuka kushoto, akacheka zaidi.

"Mama Taa, mbona uko kila mahali?"

Ilikuwa kweli. Kila ulikogeukia, yeye huyo: Mama Taa ameshika kiuno, Mama Taa anajikuna kichwa, Mama Taa ameinama mdomo wazi, uso mpana kama beseni. Kwa kuwa stendi ilikuwa ndefu mno, wanasarakasi wote walionekana kama watoto wa chekechea. Na Kijiko, aliyepita karibu sana na ubavu wa kamera, pale picha za zile lenzi mbili zinapoungwa, alitokea hana kiuno. Kifua kilitembea peke yake, miguu ikakifuata nyuma kwa adabu.

"Nimepungua bila hata kujinyima chakula," alisema Kijiko.

"Wifi," aliuliza kocha, "uliambiwa upige video ya sarakasi au ya kwako?"

Mama Taa alicheka nao mpaka mbavu zikamuuma, lakini njiani kurudi nyumbani aliyahesabu makosa yake moja moja. Hakuwa ameharibu kazi namna ile tangu alipokuwa mwanagenzi.

Kesho yake alikwenda jumbani kumtafuta fundi wa ile miwani, mwanamume mpole aliyefanya kazi katika chumba kilichojaa nyaya. Akamwambia ukweli: hajui kitu. Fundi alimvutia kiti.

"Shida yako ni kwamba unaifikiria kamera," alisema. "Achana nayo. Fikiria mgeni. Kuna mgeni amekuja kuwatazama, na wewe ndiwe unayemkalisha. Utamkalisha juu ya kabati?"

"Hapana."

"Utamkokota huku na huko wakati anatazama?"

"Si atatapika."

"Basi. Mpe kimo cha mtu, mtulize, na watu wasimsonge ubavuni. Ukishamkaribisha, ondoka zako. Kamera hii haina mgongo. Hakuna nyuma yake pa kusimama."

Maneno hayo yalimwingia. Aliporudi ghalani aliishusha stendi hadi usawa wa macho yake, akachora duara la chaki kuizunguka, akamkataza kila mtu kulivuka. Kisha akawaeleza habari za mgeni. Wanasarakasi hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Karibu mgeni, habari za huko utokako," alisema mmoja. "Usione haya, jisikie nyumbani," alisema mwingine. Kijiko alimletea kiti. Mama Taa akabonyeza kamera, akakimbia kujificha nyuma ya rundo la magodoro.

Huko ndiko alikoteseka. Simu ambayo ingemwonyesha kamera inaona nini ilipoteza mawasiliano kila alipojibanza. Mbele yake palikuwa na kitambaa cha godoro na buibui mmoja. Hakuwa amewahi kufanya kazi bila kuona, na mikono yake haikujua ishike nini. Mwishowe akaamua kusikiliza. Alisikia nyayo tupu zikipiga sakafu na pumzi zikienda pamoja. Akamsikia kaka yake akisema "njoo" kwa sauti ya chini kila mtu alipompanda begani: njoo, njoo, njoo, kama mtu anayepokea watoto mlangoni. Alikuwa ameuona mnara ule mara nyingi sana, lakini neno hilo lilikuwa geni kwake. Akajikuta anatabasamu na buibui.

Video ilitoka safi. Kocha alipoivaa alinyoosha mkono kumrekebisha Kijiko goti, akashika hewa, na ghala zima likaangua kicheko.

Mama Taa alikuwa anakunja nyaya zake Nguzo alipomsogelea.

"Mdogo wangu, hicho kidude hakiwezi kupanda juu?"

"Juu wapi, kaka?"

"Juu yetu. Pale anaposimama Kijiko." Akajikuna shingo yake, nene kama kisiki. "Miaka yote hii mimi naangalia ukuta ule. Nikiinua kichwa, wote wanaporomoka. Naujua uzito wa kila mmoja, hata aliyezidisha chakula namjua. Lakini huko juu sikujui."

"Si umeuona mnara kwenye video zangu?"

"Nimeuona kwa mbali. Nataka nifike."

Mama Taa hakutaka kumkatalia. Walianza kwa kumpa Kijiko kamera aishike juu ya kijiti akiwa kileleni. Kocha ndiye aliyejaribu kuitazama. Aliivaa akiwa amesimama, mara akakaa, mara akaomba ndoo.

"Pole wifi," alisema Mama Taa, akimsugua mgongo. "Mgeni amekokotwa."

Kocha alipopata nafuu waliinua macho wote, wakaiona boriti iliyokatiza chini ya paa. Wakatundika kamera pale kwa kamba, wakaivuta kwa kamba nyingine pande tatu mpaka ikatulia tuli. Ilining'inia mahali hasa ambapo kichwa cha Kijiko hufika. Kijiko angesimama ngazi moja chini, na kile kilele kingeachiwa mgeni.

Likabaki jambo moja. Kutoka juu, kamera ingeona mpaka nyuma ya magodoro.

"Nitatoka nje," alisema Mama Taa.

"Hutoki," alisema kocha. "Mdakaji wangu wa upande wa kushoto ameteguka mguu, na bila wadakaji kamili mnara haupandi. Vua viatu."

"Wifi, mimi sijui sarakasi."

"Nani kakuambia uruke? Utasimama, utainua mikono, na mtu akianguka usikimbie."

Wakamvisha fulana ya kikundi, ikambana kila mahali. Alikuwa ameingia kwenye maelfu ya picha za watu kwa kivuli chake tu, na sasa alisimama katikati ya sakafu, miguu tupu, mikono juu kama anayengoja embe lidondoke. Nguzo alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Kocha akapiga filimbi. Njoo, alisema Nguzo, na wa kwanza akapanda. Mama Taa aliona misuli ya paja la kaka yake ikijikaza, akaona jasho likimshuka sikioni. Njoo. Njoo. Kijiko akapanda wa mwisho, mwepesi kama paka juu ya kabati, akanyoosha mikono kuelekea kwenye kamera. Mnara ukatulia. Hakuna aliyeanguka. Waliposhuka, Mama Taa alipiga kelele za furaha kuliko wote, mpaka wakasahau kuizima kamera.

Mchana huohuo wakamkalisha Nguzo kwenye kigoda, wakamvika miwani. Aliinamisha kichwa polepole kutazama chini. Ghafla akashika kigoda kwa mikono miwili, akainua miguu yake sakafuni. Kikundi kizima kilimzunguka, kikimtazama namna anavyotazama.

"Huyu mwenye kipara ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, mume wangu," alisema kocha.

"Tangu lini?"

Walicheka, naye akacheka, lakini hakuvua miwani. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, akapitia uso mmoja baada ya mwingine. Machozi yalianza kumchuruzika chini ya miwani, na hakujishughulisha kuyafuta.

"Kumbe huku juu mnatabasamu," alisema. "Nilidhani mnakaza meno kama mimi."

"Tumesimama juu yako wewe," alisema Kijiko. "Tununie nini?"

Nguzo aliinama tena, akatazama kwa muda mrefu upande wa kushoto, chini kabisa.

"Mdogo wangu," alisema, "nakuona. Umeinua mikono vizuri. Lakini umefumba macho."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Hebu nirudishie mwanzo, nitazame tena."

Mama Taa akachukua simu iliyoendesha miwani, akamrudishia.