Mbuzi wa Mwenyekiti

Marietha alipohamishiwa Namtandi kuwa mtendaji wa kijiji, alikuta mbuzi wamelala katikati ya barabara kuu na watu wamewazoea kama walivyozoea mashimo. Lami inatunza joto, na mbuzi wa pwani wanapenda joto. Magari ya kwenda Lindi yalipiga honi weee, yakapinda, yakaendelea na safari. Yeye kwao ni milimani, Kilwa ya ndani, kwa wakulima, ambako mbuzi akionja mahindi ya mtu panakuwa hapakaliki. Aliona ajabu, ila alikuwa mgeni, akanyamaza.

Mpaka jioni moja bodaboda iliyombeba Siti, binti wa Batuli muuza samaki wa kukaanga, ilipomkwepa beberu ikaingia mtaroni. Siti akavunjika mguu. Beberu alisimama, akatazama watu wanavyokimbia, akaendelea kucheua.

Kesho yake asubuhi Batuli alikuwa mlangoni pa ofisi kabla haijafunguliwa.

"Mtendaji, tunataka sheria," alisema. "Usinibandikie tangazo. Matangazo mbuzi wanayala. Nataka sheria."

Marietha akafurahi, maana ndicho alichokuwa anakitamani tangu afike. Halmashauri ya kijiji ikakaa, rasimu ikaandikwa, ukaitishwa mkutano mkuu. Watu walijaa kuliko siku ya kugawa vyandarua. Wa kwanza kusimama alikuwa mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, Mzee Suleiman, mtu wa kanzu safi na sauti nzito, mfanyabiashara wa samaki wakavu.

"Mbuzi atakayekutwa barabarani akamatwe," alinguruma. "Asiulizwe ni wa nani. Hata akiwa wangu!"

Makofi yakapigwa mpaka kuku wakakimbia. Mikono ikanyooshwa yote. Hata Hussen, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukubaliana na jambo lolote, alinyoosha wa kwake, tena juu.

Marietha alidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Kamati ya maendeleo ya kata iliuliza kwa nini bata hawamo, bata wakaongezwa. Wilayani, mwanasheria akairudisha rasimu: haijafafanua "mbuzi" maana yake nini. Marietha alikaa na kalamu mkononi akijiuliza kuna mtu gani duniani asiyemjua mbuzi. Akaandika: mnyama afugwaye, dume au jike, mkubwa au mdogo. Ikarudi tena, muhuri wa kijiji umegongwa ukurasa usio wake. Akapanda gari tena, safari hii pamoja na mwenyekiti. Baraza la madiwani likaahirishwa, likaitishwa, likaahirishwa. Mvua zikanyesha, zikakatika, ufuta ukavunwa. Siku baraza lilipokaa kweli, sheria ya mbuzi ilipitishwa kati ya hoja ya maji na chai.

Akaipokea kama aliyepokea mtoto. Akaisomea kijiji, akaibandika ubaoni, likajengwa zizi la miti nyuma ya ofisi. Mgambo Likwata akapewa kamba.

Siku ya kwanza Likwata alirudi na kamba yake tu.

"Barabarani hamna mbuzi?" Marietha aliuliza.

"Wamo, mtendaji. Lakini yule mweusi ni wa shangazi."

"Na wale wengine?"

"Wa mashemeji."

Marietha akaichukua kamba, akatoka mwenyewe. Mbele ya kituo cha mabasi alimkuta mbuzi jike, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, tumbo kama pipa, amejilaza kwenye mstari mweupe wa barabara kana kwamba ulichorwa kwa ajili yake. Marietha akamfunga kamba shingoni.

"Huyo usimguse, mtendaji," Likwata alinong'ona.

"Kwani ni wa shangazi yako?"

"Afadhali angekuwa wa shangazi."

Alikuwa wa Mzee Suleiman. Jua halijawa kali, mwenyekiti akawa ameshafika ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtendaji, naona umechukua mbuzi wangu."

"Sheria ndiyo imemchukua, mzee. Alikuwa barabarani."

"Alikuwa anavuka."

"Alikuwa amelala."

Suleiman akakaa, akakunja kanzu magotini. "Binti yangu, hii sheria tuliitunga kwa ajili ya wale mbuzi wakorofi. Huyu mbuzi ana adabu. Isitoshe ana mimba."

"Sheria haikusema wakorofi, mzee. Ulisema wewe mwenyewe mkutanoni, hata akiwa wangu."

"Nilisema ili watu wakubali!" mzee akapaza sauti, halafu akajistahi. "Basi halmashauri ya kijiji itakaa, tuisimamishe kwa muda."

"Haiwezi. Ilipitishwa na mkutano mkuu, ikathibitishwa na baraza. Kuitengua ni kurudia njia ileile. Kijiji, kata, wilaya."

Njia ile mzee aliijua. Alikuwa ameipita mwenyewe, nauli mkononi. Akainuka, akaondoka bila kuaga.

Kuanzia hapo simu ya Marietha haikupumzika. Diwani alipiga: "Mtendaji, tumia busara." Afisa wa kata alipiga: "Sheria ni sheria, lakini busara pia." Imamu alimtuma mtu kwa upole mkubwa: busara, mama. Kijiji kizima kilikuwa kimeitaka sheria, na sasa kijiji kizima kinataka busara. Wa pekee asiyeitaka alikuwa Batuli, naye kila akipita na beseni la samaki alisema hadharani, "Mwenye mguu mzima ndiye ana nafasi ya busara."

Wakati huohuo mbuzi anataka kula. Sheria haikusema nani atamlisha. Likwata alisema yeye ni mgambo, si mchungaji. Basi mtendaji wa kijiji, mwenye cheti na kitambulisho shingoni, akawa anakata majani kila asubuhi, huku wanawake wanaokwenda kisimani wakimpa pole na kuchekea mtandioni.

Halafu mbuzi akazaa. Mapacha.

Suleiman akamtuma Hussen kusema kwa niaba yake. Hussen alisimama zizini, mikono kiunoni, mtu mwenye raha zake.

"Sheria inasema mnyama aliyekutwa barabarani," alisema. "Hawa wawili hawajaiona barabara. Wamekamatwa kwa kosa gani?"

"Wachukue," Marietha akamjibu.

"Watanyonya wapi?"

"Basi waache."

"Kwa sheria ipi?"

Marietha alitamani kumrushia lile fungu la majani. Aliiona tayari safari mpya: kifungu cha watoto wa mbuzi, mkutano, kata, mwanasheria, muhuri. Akageuka, akaingia ofisini, akajifungia mlango, akaweka kichwa mezani.

Aliyemgongea alikuwa Bi Mwanaima, mke wa mwenyekiti. Alikuja mchana, saa ya watu kutoka msikitini, kila mtu akamwona.

"Mwanangu, nimechoka," alisema. "Mume wangu halali, hali, anazungumza na ukuta. Yule mbuzi ni wa kwangu. Yeye anamwita wake tu. Nipe faini yangu nilipe nikatulie."

Marietha nusura amkumbatie. Akaichukua mashine ya kukatia risiti, akaiwasha, akatafuta. Kulikuwa na ushuru wa samaki, ushuru wa ufuta, kibali cha ngoma. Mbuzi hakuna. Akapiga simu wilayani.

"Hiyo faini bado haijaingizwa kwenye mfumo," sauti ilimwambia.

"Itaingizwa lini?"

"Andika barua."

"Nipokee kwa mkono, niandike kwenye karatasi?"

"Ukipokea bila risiti ya mashine, mtendaji, wewe ndiye utakamatwa."

Akaishusha simu polepole. Bi Mwanaima alikuwa bado amenyoosha fedha. Marietha alimweleza, na alivyokuwa anaeleza hasira ikampanda: amemkamata mtu kwa sheria, mtu amekubali, na serikali haina pa kuiweka faini yake.

"Haina adhabu nyingine?" mama aliuliza.

Marietha akaisoma tena. Ipo. Mwenye mifugo atalipa faini, ama atafanya kazi ya kijamii atakayopangiwa.

"Kufyeka zahanati," alisema. "Lakini mama, wewe na magoti yako..."

"Mimi?" Bi Mwanaima akacheka kwa mara ya kwanza. "Mkutanoni alisema wake. Basi ni wake."

Kilichosemwa nyumbani kwao hakuna anayekijua. Ila asubuhi yake Mzee Suleiman alionekana kwenye uwanja wa zahanati, kanzu ameivua, amevaa suruali ya kazi, fyekeo mkononi. Watu walipita taratibu kuliko kawaida. Hakuna aliyecheka, wengi walimwamkia. Batuli alisimama, akamtazama, kisha akamwachia samaki wawili kwenye karatasi. Mzee alifyeka mpaka jua likawa la kichwani, akamfuata Marietha.

"Nimemaliza. Nipe mbuzi."

"Wote watatu, mzee. Na ahsante."

"Usinishukuru," alinguruma. "Na yule beberu wa Hussen sasa hivi yupo pale kituoni. Nimemwona kwa macho yangu. Mtume Likwata. Akikataa, nitamleta mwenyewe."

Akamleta kweli. Baada ya hapo kamba ziliuzwa Namtandi kama ndizi. Barabara haikusafika yote, maana bata hawasikii la mtu, lakini madereva walianza kupita bila honi.

Marietha alikuwa anaandika barua ya kuomba faini iingizwe kwenye mfumo, ya tatu sasa, Erasmo fundi baiskeli alipoingia, kofia mkononi.

"Mtendaji, lile banda la video linapiga muziki hadi watoto hawasomi. Tunaomba tutunge sheria."

Marietha akaweka kalamu chini, akamsogezea kiti.

"Kaa," alisema. "Lakini kwanza niambie ukweli. Wewe mwenyewe una redio?"