Kofia ya Bibi na Koti Linalovuja

Itangazwe kwa wakazi wote wa Arorangi, wakubwa kwa wadogo, na kwa vijiji vyote vinavyokizunguka kisiwa cha Rarotonga, kwamba Kamati Kuu ya Uteuzi wa Mavazi ya Mvua kwa Wapanda Pikipiki ilikutana Jumamosi, ikatafakari kwa kina, na kufikia uamuzi usiokatiwa rufaa.

Kamati ilikuwa na wajumbe wawili. Mwenyekiti alikuwa Tearoa, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni huko Auckland, ambako alikuwa amejifunza kusema jambo dogo kwa maneno makubwa. Mjumbe wa pili alikuwa mbwa, naye alilala kikao kizima.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo akina mama huvaa nyeupe toka shingoni hadi kisiginoni, na kanisa la Arorangi lilikuwa limealikwa kuabudu na wenzao wa Titikaveka. Bibi yake Tearoa, Mama Tepaeru, ndiye aliyepewa kuanzisha wimbo. Angeuanzisha akiwa amevaa kofia ya marehemu mama yake, iliyosukwa kwa makuti machanga ya mnazi kule visiwa vya kaskazini, nyeupe na laini hata ukiishika unaona aibu ya vidole vyako. Kofia ile ilikuwa na adui mmoja tu duniani, maji. Tone moja lingeacha doa la manjano. Ikilowa yote, ingelegea kama jani la gimbi lililochemshwa. Kuifunga kwenye mfuko wa plastiki hakukufaa, kwa sababu mfuko hutoa jasho, na jasho nalo ni maji. Na mlangoni Titikaveka angekuwepo Mama Akaiti, ambaye amekuwa akimchokoza Mama Tepaeru tangu wote wawili wakiwa na meno yao.

Kwenda kwa gari hakukufikiriwa. Mama Tepaeru huenda kila mahali kwa pikipiki yake ndogo, na kama mlango wa choo cha nje ungekuwa mpana kidogo, hata huko angeenda nayo. Ila siku hizo mvua ilikosa adabu kabisa.

Shangazi Ngatuaine, muuguzi wa Auckland anayekwenda kazini na pikipiki kubwa, alikuwa ameliona hilo kwa mbali. Alimtumia mama yake boksi lenye suruali ya mvua na koti la mpanda pikipiki. Koti lilikuwa jeusi, mabega ya manjano, na mistari inayong'aa ikimulikwa na taa. Mishono yake ilikuwa imezibwa kwa utepe kwa ndani, zipu ilifunikwa na ulimi wa kitambaa, mikono ilibana kwenye kifundo ili maji yasipande, na mabegani na viwikoni mlikuwa na pedi ngumu za kupokea lami kwa niaba ya mwenye mwili. Katika simu shangazi alimsisitizia Tearoa jambo moja amwambie bibi yake: asivae kamwe kitu kinachopepea, maana kinachopepea kikipata upepo hakina undugu na mtu.

Tearoa alisikiliza kwa makini sana, huku amelivaa koti.

Suruali ilikataliwa papo hapo. Mama Tepaeru alisema yuko tayari kujieleza mbele za Mungu kwa mengi, lakini si kwa hiyo, ikarudishwa bokseni. Likabaki koti, na moyo wa Tearoa ulikuwa umeshafungwa ndani yake kwa zipu. Kwenye kioo aliona bingwa wa mbio. Kweli, lilikuwa limeshonewa mwanamke, limeingia kiunoni na kutoka kifuani, na hapo kifuani palikuwa na nafasi ambayo Mungu hakumjalia Tearoa kitu cha kuijaza. Yeye aliamua kwamba ni nafasi ya hewa.

Mshindani wa koti alipatikana uvunguni: joho la plastiki, la bluu, pana kama turubai, lililosahauliwa na mtalii. Kamati ikaitisha jaribio. Tearoa alitundika fulana mbili nyeupe kwenye kamba ya nguo, moja akaifunika kwa joho, nyingine kwa koti. Akamwita bibi yake kutoka jikoni aje kushuhudia, akamwambia kwamba sayansi haina upendeleo, kisha akavimwagia vyote maji kwa mpira wa bustani, taratibu, kama mchungaji anayebatiza.

Chini ya joho, fulana ilikuwa kavu. Ndani ya koti, fulana ilikuwa inachuruzika.

Ilikuwa inachuruzika tangu kabla ya jaribio, kwa kuwa Tearoa alikuwa ameimwagia kikombe cha maji wakati bibi yake akiosha sufuria. Lakini alitikisa kichwa kama daktari aliyeleta habari mbaya.

"Linavuja," alisema. "Shangazi ameuziwa jina."

Mama Tepaeru aliibinya fulana, maji yakamdondokea miguuni. Akauliza swali moja tu, na ndilo swali ambalo kila mwanamke wa kisiwa kile angeuliza.

"Na kofia je?"

"Joho ni pana, Bibi. Litakufunika wewe na kofia yako mapajani, na hata kiti cha pikipiki. Koti, hata lingekuwa zima, lingekufunika wewe tu."

Kesi ikaisha hapo. Mama Tepaeru hakuuliza habari za viwiko vyake. Kofia haina viwiko. Akauliza tu hili bovu walifanyeje, na Tearoa, kwa sauti ya mtu anayejitoa mhanga, akasema atalivaa yeye, heri alowe yeye. Bibi alimwangalia kwa macho ya unyevunyevu, na jioni akamwongezea kipande kikubwa cha ndizi zilizopondwa na kutiwa tui.

Asubuhi ya Jumapili jua liliwaka. Mama Tepaeru alitangulia, helmeti kichwani, kandambili miguuni, kofia mapajani chini ya joho, akiendesha kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Nyuma yake alikuja Tearoa na pikipiki ya binamu yake, zipu hadi kidevuni, akiiva polepole kama chakula kinachopikwa kwenye shimo la mawe ya moto. Watoto wa barabarani walimwuliza koti lake limepata kiuno lini. Hakuwajibu. Bingwa hajibizani na mashabiki.

Karibu na Titikaveka mvua ikaja bila kupiga hodi, na upepo wa baharini ukaja nayo. Upepo uliingia chini ya joho, ukajaribu kulia, ukajaribu kushoto, ukalipenda. Joho likavimba, likapanda juu, likamfunika Mama Tepaeru helmeti na uso. Akaendelea kwa kumbukumbu, kwa kuwa barabara ile aliijua tangu utoto. Bahati mbaya barabara ilikata kona na kumbukumbu haikukata. Pikipiki iliruka ukingo wa jiwe, ikateremka kwa heshima, ikaingia katikati ya shamba la magimbi na kuzimika.

Tearoa aliposimama ukingoni, bibi yake alikuwa amekaa kwenye tope hadi kiunoni kama aliyepandwa pale makusudi. Damu ilimtoka kwenye kiwiko. Joho lilikuwa limemzonga shingo na bado linapepea. Lakini mkono mmoja ulikuwa juu kabisa, juu ya majani ya magimbi, umeshika kofia.

"Usinishike mimi," alisema. "Shika kofia."

Aliishika. Mvua ilikuwa imepumua kidogo, ila matone yalikuwa yameshaanza tena kulenga ukingo wake. Hapo ndipo Tearoa alipoona alikuwa na njia mbili tu. Akiitia kofia ndani ya koti, itafika kavu, na kila mwenye macho atajua kwamba koti halivuji. Akiibeba kwa nje, uongo wake utafika salama, na kofia itafika maiti. Alitafuta neno kubwa la kumtoa hapo, hakulipata hata dogo. Akafungua zipu. Kichwa cha kofia kiliingia kifuani, kwenye ile nafasi ambayo Mungu aliiacha wazi, kikakaa kana kwamba vilipimwa pamoja.

Kisha akamvuta bibi yake, akamzongoa joho, akalikunja na kumpa mkononi, akampakia nyuma, wakaenda.

Akina mama walikuwa barazani mwa kanisa, weupe kama mstari wa povu. Mama Akaiti alisogea mbele, akamtazama mwenzake toka helmeti hadi kandambili moja iliyosalia.

"Tepaeru," alisema, "ulialikwa kuimba. Kulima hatukukualika."

"Nimefanya yote mawili," alisema Mama Tepaeru. "Tearoa, toa kofia."

Tearoa aligeuka upande, akaitoa haraka, akitumaini kwamba haraka ni aina ya giza. Kofia ilitoka nyeupe, kavu, haina hata kunyanzi. Mama Akaiti aliigusa kwa vidole viwili, akaguna, na guno lake lilikuwa la kushindwa. Kwa muda wa pumzi moja Mama Tepaeru alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote kisiwani. Kisha furaha ikaanza kufikiri. Alitazama kofia. Akatazama shati jeupe la mjukuu wake pale zipu ilipoachia. Akaweka kiganja chake chenye tope kifuani pa shati, akakiacha hapo.

"Kavu," alisema. "Sasa ile fulana ya jana, msomi wangu, ililoweshwa na maji gani?"

Tearoa alisimama wima. "Katika mazingira ya maji ya mpira, Bibi, tofauti na mazingira ya upepo, unyevu huwa na tabia ya..."

Tone la damu lilianguka kutoka kwenye kiwiko cha bibi yake, likatua juu ya sakafu nyeupe ya baraza. Tearoa akaliangalia.

"Ya kikombe," alisema. "Kile chenye maua. Niliimwagia mimi kabla hujatoka jikoni. Koti halivuji. Shangazi alisema usivae kinachopepea, nami sikukuambia. Nililitaka."

Alilivua, akamvisha bibi yake juu ya tope, akamfungia zipu. Lilimkaa kiunoni, likamkaa kifuani, pedi zikatua juu ya viwiko, kimoja kizima na kimoja kilichochubuka. Mama Akaiti alisema kumbe koti lina mwenyewe. Mama Tepaeru alivua helmeti, akaivaa kofia, akaiweka sawa, akalikunjua lile joho la bluu na kumtwika mjukuu wake kichwani mbele ya makanisa mawili, akamwambia atakaa nalo kiti cha mbele, ibada nzima.

"Kuna lingine?" aliuliza.

Kutoka ndani ya plastiki, Tearoa aliiangalia suruali yake nyeusi ya Jumapili, ambayo maji yalikuwa yakiteleza juu yake kama juu ya mgongo wa bata.

"Na ile suruali ya bokseni, Bibi," alisema. "Nimeivaa."