Mkia wa Kitenzi na Usingizi wa Mama Mkwe

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu. Asiyeamini aje Zomba aniulize uso kwa uso.

Sisi wastaafu watatu tulikuwa tukiunda lugha yetu wenyewe, kila Jumamosi barazani kwa Bi Nasibeko, kwa chai na mandasi. Siku hiyo tulikuwa tunaamua namna ya kusema kwamba kitendo kimefanywa kwa ajili ya mtu. Mimi nilitaka mkia mwishoni mwa kitenzi: tamo ni kupika, tamoshe ni kumpikia mtu. Kaliati alitaka neno la pembeni, lisimame peke yake. Lake likipita, mkia wangu niliouhangaikia tangu mvua za kwanza unatupwa.

Sharti letu: kitu kipya hakiingii mpaka kisikike kinywani mwa mtu wa nje ambaye hakufundishwa.

"Umeshasikika," nikasema. "Mama mkwe hunisikia nikijisemesha uani. Juzi, usingizini, akatamka waziwazi: tamoshe!"

Kaliati akaweka kikombe chini, akanitazama kama anayenusa samaki wa jana.

"Usingizini, Bwana Chipeta?"

"Usingizini."

"Na wewe ulisimama wapi?"

Nikahisi mtego. "Karibukaribu."

"Karibu na kitanda cha mama mkwe!"

"Mama yangu!" Bi Nasibeko akashika kichwa. "Mtu akikutana na mama mkwe njiani huingia mahindini ampishe, wewe unaingia chumbani?"

"Sikuingia! Dirisha lilikuwa wazi."

"Basi ulichungulia," akasema Kaliati. "Chagua, kaka. Umechungulia au umedanganya?"

Nikisema nimedanganya, mkia umekufa. Nikisema nimechungulia, nitalipa kuku kwa kumvunjia mama heshima. Nikaufikiria mkia wangu.

"Nilichungulia."

Kaliati hakutosheka. Akamtuma Bi Nasibeko kwa mama mkwe, nyumba ya tatu. Akarudi anajifuta machozi ya kicheko.

"Mama anasema wiki nzima hajapata hata lepe la usingizi. Jino linamuuma! Na hilo neno anauliza ni tusi la wapi."

Neno la Kaliati likapita pale pale.

Nyumbani nikamkamata jogoo mwekundu bandani, nikampa mke wangu ampeleke, maana mimi mlangoni kwa mama sifiki. Akarudi mikono mitupu.

"Mama kapokea. Anasema huyo ni wa kuchungulia. Sasa anataka wa kumsingizia."

Nikarudi bandani.