Karibu Uji, Ncha ya Kusini

Usiku wa jana niliota nimekuwa nahodha wa meli iliyonaswa na barafu kule Ncha ya Kusini. Sikushangaa. Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi hapa Kihonda, na mabaharia walikuwa majirani zangu walewale, kila mmoja na malalamiko yake.

Bi Siwema, jirani yangu wa mlango wa tatu, ndiye mpishi. Ananionyesha sufuria.

"Mjumbe, uji wa mwisho huu. Ukigawa vibaya, tumekwisha."

"Na kiongozi hunywa wa mwisho," upawa unanikumbusha. Ulikuwa upawa wa kujifanya unajua sana.

Nachota kikombe cha kwanza. Pengwini anajipitia zake. Nami, kwa mazoea tu, namwambia, "Karibu uji."

Kwetu mtu akikaribishwa hivyo hujibu "starehe" na kwenda zake. Pengwini anajibu "ahsante," ananawa, anakaa. Nyuma yake wanakaa wenzake arobaini.

"Mjumbe, umetuua," anasema fundi Mkude, ambaye hata nyumbani hanikubali.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema pengwini, akipuliza kikombe.

"Apone kwa kipi, na sufuria mnaikomba?" anafoka Mkude.

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Uji ukabaki kikombe kimoja, changu. Majirani wote wananitazama, midomo imewapauka, na mimi mwenyewe njaa inaniuma kweli.

Mara barafu inakohoa chini ya meli. Mdomo wangu huu! "Karibu," nasema.

"Miezi tisa nimewashika hapa," inasema barafu. "Leo ndiyo mara ya kwanza mnanikaribisha."

Namimina. Mkude anashika kichwa. Barafu inaunywa uji wote, wa moto vilevile, inasema, "Sukari haijakolea," kisha inapasuka toka mwanzo hadi mwisho. Meli inateleza, inakata kona kwenye mashine ya kusaga ya Kihonda, inasimama mlangoni kwangu. Nahesabu majirani: wote wazima. Nalia kwa furaha mpaka mke wangu ananiamsha.

Asubuhi nilikaa kibarazani na kikombe changu. Bi Siwema akapita kwenda sokoni.

"Karibu uji," nikamwambia. Miaka kumi na miwili amekuwa akinijibu, "Starehe, mjumbe."

"Starehe, nahodha," akajibu, akapita zake, amejifunika blanketi katika jua la saa nne.